Umeuza Subaru lakini stoo ya mathe bado imejaa spea? Soma hii kabla uite msee wa skrapu

Wacha tuseme ukweli: siku ile uliuza Subaru ulitoa machozi kidogo. Ulisema ni vumbi, lakini sisi tulikuona. Anyway, ndai imeenda, doo imeingia kwa simu, na mathe amefurahi ju hatasikia tena ile ekzosi ikiingia boma saa nane usiku kuku wakiamka. Alafu kesho yake unaingia stoo kutafuta jembe, unapata kuna Subaru ingine imebaki huko ndani, ni vile tu iko vipande.

Unajua venye hii hufanyika. Hakuna msee hununua WRX akaiacha vile ilitoka meli. Unabadilisha rimu, zile za kwanza unaweka kando. Unaweka shokabsoba za kushusha gari, za kampuni unaweka kando. Giaboksi inasumbua, unanunua ingine ya mtumba, ile mbovu unaweka kando "ya spea." Kando ni wapi? Ni ocha. Tangu Safari Rally irudi kwa ratiba ya dunia mwaka wa 2021 na kila mtu akaanza kwenda Vasha na ndai yake, kuna stoo mingi sana za wazazi Kenya hii zinalala na vipande vya Impreza chini ya magunia.

Mimi yangu ilikuwa Uriri, hapa kwa ile barabara ya kutoka Rongo kwenda Migori. Nilibaki na rimu nne, turbo moja, giaboksi, kalipa mbili za mbele, taa ya kushoto, bampa, na katoni ya sensa na koili. Mathe akanipa wiki mbili: "Mahindi inaingia. Hiyo takataka yako itoke." Na sista yangu alikuwa na baki ya fee. Siku ya tatu jamaa wa skrapu akapita na mizani yake, akaangalia huo mzigo wote, akaniambia atapima kwa kilo, rimu na turbo na kila kitu bei moja. Nilikuwa nimeshakubali. Kilichoniokoa ni mvua. Alisema atarudi na pikapu kesho, na usiku huo nikakaa na simu nikaanza kusoma namba zimeandikwa kwa hizo vitu.

Hapo ndio hii story inaanza, ju kosa la kwanza wasee hufanya ni kudhani spea inauzwa na sura. Wanaosha rimu, wanapiga picha jioni jua likiwa poa, wanaandika "Subaru rims, serious buyers only." Alafu wanashangaa mbona inbox ni watu wa kuuliza "last price?" wakipotea. Msee akitafuta spea haangalii sura. Anauliza swali moja tu: itaingia kwa gari yangu? Kama huwezi jibu hilo, bei yako ni ya kilo, hata kama kitu ni kipya.

Sasa ingia kwa stoo na tochi tuanze na rimu, ju hizo ndizo zinatoka haraka ukijua kuzieleza. Hesabu mashimo ya nati. Impreza ya kawaida na WRX mpaka modeli ya 2014 ziko na nati tano kwa duara ya milimita 100, ile wasee huandika 5x100. STI za kuanzia modeli ya 2005 ni tano pia, lakini kwa duara ya 114.3. Kwa macho zinafanana kabisa, na rimu ya moja haiingii kwa ingine. Usikadirie, pima.

Sasa uko Uriri. Simama hapo kwa stage dakika kumi uhesabu magari. Probox, Probox, Fielder, boda, trela ya miwa ikienda Awendo, Probox. Subaru ya turbo utaona moja, na ni ya msee ametoka Nairobi kuzika. So ukiandika "rimu za Subaru" unaongea na mtu mmoja, tena yuko kwa matanga. Lakini Toyota Wish inatumia 5x100. Caldina nyingi, 5x100. Premio nyingi pia. Hapo sasa umetoka kwa mteja mmoja ukaingia kwa soko ya watu wamejaa kutoka Rongo mpaka Isebania. Probox na Fielder za kawaida hazimo, hizo ni nati nne. Mtu wa Probox akikuuliza mwambie tu ukweli, usimwachie fundi amtobolee mashimo mapya.

Kuna kitu mbili lazima umwambie huyo mtu wa Wish ama rimu zitarudi kwako na matusi. Ya kwanza, shimo la katikati. Ya Subaru ni milimita 56.1, na kitovu cha Toyota ni 54.1. Inaingia, lakini inacheza kidogo, so anahitaji ringi za kujaza hiyo nafasi, zile zinakaa kama bangili. Bila hizo gari inaweza kutetemeka akifika spidi, na atasema ulimuuzia rimu zimepinda. Na ukiwa na mteja wa Volkswagen Golf ya zamani, ya kwake ni 57.1, kubwa kuliko shimo lako, kwa hivyo mwambie zii. Ya pili ni hatari zaidi: nati. Uzi wa nati za Subaru ni 12x1.25, za Toyota ni 12x1.5. Ukimpa rimu na nati zako, fundi wa kando ya barabara atazilazimisha na spana ndefu mpaka zikubali, uzi uharibike, na gurudumu litoke siku yake. Uza rimu bila nati. Kama ziko na tairi, angalia ubavuni kwa ile alama ya DOT, namba nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 mwaka wa 2019. Andika hiyo kwa tangazo kabla uulizwe. Msee akiona umeitaja mwenyewe anajua haongei na conman.

Giaboksi nayo ndio iliniumiza kichwa. Subaru inasukuma magurudumu yote manne, kwa hivyo uwiano wa mwisho ulio ndani ya giaboksi lazima ulingane na ule wa difu ya nyuma. Kuna za 4.111, kuna za 4.444, na kuna zingine. Ukichanganya, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana gari ikitembea, na kitu cha katikati kinaungua. Yaani unaweza kumuuzia msee giaboksi nzima, safi, na ikaua gari yake kabla afike Kisii. Kama bado uko na difu iliyotoka pamoja nayo, ziuze pamoja kama ndugu. Kama difu ilienda na gari, tafuta namba ya giaboksi, iko kwa kibandiko juu ya bell housing kama haijatoka, na uandike uwiano. Ukikosa kabisa, mwambie mteja huo ukweli na ukubali bei ishuke. Mimi yangu ilikuwa mbovu gia ya tatu, nikaandika hivyo hivyo: "gia ya tatu inalia, zingine ziko sawa." Fundi mmoja aliichukua akiitaka kwa vipande vya ndani. Kumbe kuna soko ya kitu kibovu, bora useme ubovu uko wapi.

Turbo usiifungue, usiipulize, usiwache watoto wachezee. Hiyo kitu ikiwa kwa gari inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, so kapunje kamoja ka mchanga kanatosha kuiua. Funga matundu yote na karatasi ya plastiki na selotepu leo. Yangu nilipata kuku amefanya kiota karibu nayo, siwezi kudanganya. Mteja akija, mwache ashike ile ekseli ya katikati aisukume: ikisonga kidogo sana ubavuni ni kawaida, ikigusa ukuta wa nyumba yake imekwisha. Soma kibao: za Mitsubishi familia ya TD04 na za IHI za familia ya VF si kitu kimoja, na wasee wa turbo wanajua tofauti kuliko wanavyojua birthday za mama zao.

Namba ya spea ya Subaru yenyewe ni rahisi kutambua: ni kumi, tarakimu tano, herufi mbili, alafu tatu za mwisho. Za turbo huanza na 14411. Ukiipata, iandike kwa tangazo vile iko. Kuna watu hutafuta mtandaoni na hiyo namba pekee, hawaandiki hata jina la gari.

Kalipa za pistoni nne zinapendwa na wenye Forester na Impreza zisizo na turbo, ju zinaingia, lakini zinataka diski ya milimita 294 na rimu ya inchi 16 kwenda juu. Sema hivyo. Taa ni lazima useme ni ya sura gani, ju hiyo Impreza ya 2000 mpaka 2007 ilibadilisha macho mara mbili na taa ya moja haikai kwa ingine bila kubadilisha bampa na boneti. Koili, sensa na nozeli ni vitu vidogo vya bei poa, vinaingia kwa katoni ya viatu na kupanda basi usiku. Bampa? Bampa ni stress. Ni kubwa, ni nyepesi, ni ya bei ya chini, na ikifika Nairobi imepasuka. Wacha nisikuambie yangu iko wapi.

Kuna vitu hupaswi kuuza hata ukilia njaa. Timing belt iliyotumika, airbag, mshipi wa kiti uliovutwa kwa ajali, brekipedi zilizobaki ngozi kidogo. Mtu atakufa na kitu ya mia tano.

Alafu kuna kile kipande cha ekzosi chenye tumbo, katalisti. Jamaa wa skrapu atakiuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba si muhimu. Ndani ya hicho kitu kuna sega la kauri limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndio maana watu hulala chini ya magari ya wenyewe usiku wakikata. Usikubali kipimwe pamoja na chuma. Uliza bei yake pekee, uliza wawili watatu, na umwombe mnunuzi leseni. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inataka mfanyabiashara wa skrapu awe na leseni, na hiyo si mchezo: Januari 2022, baada ya milingoti ya stima kuanguka na nchi kuzama giza, Uhuru Kenyatta akiwa rais alisimamisha biashara yote ya skrapu, na ilirudishwa Mei. Msee hana leseni, hana rekodi, na kesho karao akimuuliza ametoa wapi, jina lake la kwanza kutaja ni lako.

Na hapo ndio tunafika kwa kitu kinanifanya niandike hii kitu yote. Wewe ni kijana. Uko na rimu, turbo na taa kwa gunia, nyuma ya boda, saa moja jioni, kati ya Uriri na Migori. Afande anasimamisha. "Kijana, hizi umetoa wapi?" Utasema nini? Kenya nzima inajua ile joke ya kwenda Kirinyaga Road, ile wazee bado huita Grogan, kununua side mirror yako mwenyewe iliyotolewa jana usiku. Kila kipande cha gari bila karatasi kinashukiwa. Kifungu cha 322 cha Penal Code kinaweka kushughulikia mali ya wizi mpaka miaka 14. Si lazima uwe mwizi ndio ulale ndani wikendi ukijieleza.

Dawa yake ni karatasi, na uifanye kabla uuze hata nati moja. Anza na gari yenyewe. Umehamisha umiliki kwa eCitizen, upande wa NTSA, na mnunuzi amekubali? Wasee wengi wanapeana funguo na kopi ya logbook wakisema "tutamalizia." Traffic Act inataka umiliki ubadilishwe ndani ya siku 14. Mpaka hapo hiyo ndai bado ni yako kwa kompyuta ya gava, na ikifanya maajabu huko Kitengela, ni wewe utaitwa. Hifadhi skrinshoti ya transfer na kopi ya logbook ya zamani ikiwa na jina lako. Hiyo ndio cheti cha kuzaliwa cha hizo spea zako: ulikuwa na gari hii, ilikuwa modeli hii, spea ni zake. Tafuta na risiti za zamani, hata kama ni meseji ya M-Pesa ya siku ulinunua turbo.

Kama kwa stoo kuna injini, simama kwanza. Ulibadilisha injini miaka miwili iliyopita? Uliandikisha NTSA? Kama hukuandikisha, logbook uliyompa mnunuzi iko na namba ya injini iliyolala kwa stoo ya mathe, na gari anaendesha iko na namba ingine. Ukiuza hiyo injini ya zamani, umetawanya shida mara mbili: kwa aliyenunua gari na kwa atakayenunua injini. Mpigie huyo wa gari, mwambie ukweli, mrekebishe hiyo rekodi pamoja. Ni simu ngumu, najua. Ipige tu.

Kwa kila kipande, chukua karatasi ya kawaida. Tarehe, kitu ni gani, namba yake, hali yake, bei, majina yenu wawili, namba za kitambulisho, sahihi. Kopi mbili. Piga picha karatasi ikiwa juu ya hicho kitu. Mteja akikataa kuandika jina lake, huyo si mteja, na usiulize mara ya pili. Mimi mmoja aliniambia, "Omera, kwani unaniuzia shamba?" Nikamwambia basi wacha. Alirudi baada ya dakika ishirini na kalamu yake.

Kuuza penyewe: Facebook Marketplace, Jiji, na magrupu ya WhatsApp ya wenye Subaru. Magrupu ndio yanalipa vizuri ju wako na ugonjwa kama wako. Huko uongo hauishi, kuna msee atakuza picha aone ufa wa rimu. Rimu za watu wa Toyota nilipeleka kwa fundi wa tairi Migori town, nikamwambia akipata mtu ana kitu yake kidogo. Ziliuzika hivyo, na pesa ya hizo nne pekee ilishinda bei ya kilo ya stoo nzima. Uza peke yake, usikubali "nichukulie zote." Anayetaka zote anataka turbo, na hizo zingine zote anakuhesabia bure.

Bei uitoe kwa matangazo ya spea yenye namba sawa na yako, uangalie kama kumi, uache ile ya juu kabisa na ile ya chini. Mtu ataanza na nusu. Usikasirike, hiyo ni salamu.

Kutuma Nairobi ni parcel ya basi. Pesa kwanza, na si skrinshoti. Meseji ya kweli inatoka kwa MPESA, haitoki kwa namba ya mtu, lakini hata hiyo usiiamini: angalia salio lako mwenyewe. Conman mpole ni yule anakutumia meseji feki saa basi inataka kutoka, dereva anapiga honi, wewe umepanik. Basi ikienda, iende. Kuna ingine kesho. Na mwenye kununua anaweza kuomba reversal kwa 456 akidai alikosea namba, kwa hivyo ile karatasi na risiti ya parcel viweke mpaka muda upite. Video ya kitu kikifungwa kwa boksi inasaidia sana.

Wengine watakupigia kutoka ng'ambo ya mpaka, Sirare na Tarime. Soko liko, lakini usitume na boda ya njia za panya. Ile nafuu ya ushuru ya jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo ni ya bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki, na turbo yako imetoka Japani. Mwambie avuke aje kununua Isebania, mambo ya forodha ajipange nayo.

Ukimaliza, mafuta yaliyotoka kwa giaboksi usimwage kwa mtaro unaoshuka mtoni. Jirani yeyote anayejenga ua atayachukua apake nguzo, mchwa wasikule.

Mzigo wangu uliisha siku ya kumi na mbili, isipokuwa ile bampa. Fee ya sista ilipita, mahindi yakaingia stoo. Bampa mathe ameifanya ukuta wa kuzuia kuku wasifike kwa sukuma wiki, ile ya bluu kabisa, na hole ya foglight ndio mlango wa vifaranga. Alafu kumbuka kutoa matangazo yako mtandaoni, yote. Mimi nilisahau moja, na mpaka leo kuna msee wa Thika hunipigia saa tano usiku akiuliza kama ile taa ya kushoto bado iko.